Kidingapopo, au Kwa Nini Tudor Iliambiwa Ina Malaria

Mtoto wa mamangu mdogo ameanza udaktari mwaka huu. Wiki ya kwanza tu akaja nyumbani Tudor, koti jeupe limekunjwa ndani ya mkoba, akitaka nimsaidie na historia ya tiba. Pale kwetu mimi ndiye wa vitabu. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, vitabu ndivyo havikuniacha. Mhadhara wao ulianza na Hippocrates wa Ugiriki, ukapita kwa Ibn Sina, ukafika kwa Pasteur. Sina ugomvi na wazee hao. Lakini nilimwambia aweke daftari, tukae barazani, manake kuna historia ya tiba iliyopita hapa hapa mlangoni.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa bado shule ya msingi. Homa ilinijia ghafla mchana, kichwa kikauma nyuma ya macho, mgongo na magoti yakawa kama nimepigwa rungu. Nikapelekwa kliniki moja ya mtaani. Kidole hakikutobolewa, damu haikuangaliwa, nikaambiwa ni malaria. Nikameza dawa, homa ikaondoka ilipotaka yenyewe. Jirani naye malaria. Fundi wa nyumba ya pili malaria. Ile yangu haikupimwa, kwa hivyo siwezi kuapa ilikuwa nini. Ila wapo waliopimwa.

Tangu Februari mwaka huo, hapa Mombasa, kulikuwa na wagonjwa wenye homa kali ambao slaidi zao za malaria zilitoka safi. Maabara ikathibitisha ni dengue. Mwezi wa Mei watafiti wakaingia Tudor nyumba kwa nyumba, wakachukua damu ya watu 1,500 katika kaya 701. Watu 210 walikutwa na dengue, ama wanayo wakati ule ama imewapitia karibuni. Kati ya hao, 93 walisema walipata homa ndani ya mwezi mmoja uliopita, na 68 kati yao walikuwa wamekwenda kuonwa na mhudumu wa afya. Waliokumbuka kuambiwa wanaumwa nini walikuwa 32.

Kati ya hao 32, malaria waliambiwa 31.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema labda madaktari walikuwa na haraka. Labda. Lakini haraka peke yake haitoi 31 kwa 32. Hiyo ni mazoea: homa ya Pwani ina jina moja, na jina hilo linamtoka mtu kabla mgonjwa hajamaliza kusema anaumwa wapi. Na jina likikosewa, kila kitu kinachofuata kinakosewa. Dawa ya malaria haigusi kirusi cha dengue. Aspirini na ibuprofeni, ambazo mtu hujinunulia dukani mwili ukimuuma, zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Hata mbu si yule yule. Wa malaria huuma usiku, ndiyo maana tunapewa neti. Aedes, anayebeba dengue, huuma mchana wewe ukiwa barazani unakunywa chai, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: pipa, mtungi, tairi, sahani ya maua. Sasa fikiria Tudor, mahali ambapo maji ya mfereji yakikatika kila mtu hujaza kila chombo alichonacho.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ugonjwa huu ulikuwa na jina la Kiswahili kabla sisi hatujazaliwa. Fungua kamusi: kidingapopo. Mimi nililikuta nikitafuta neno lingine kabisa. Mwaka 2013 redio ilisema "dengi", mtaa mzima ukasema "dengi", kama mgeni aliyeshuka jana Kilindini. Na hata ugeni huo si kweli, kwa sababu dengue ilithibitishwa Malindi huko nyuma mwaka 1982.

Neno hilo lina safari yake. Mwaka 1870 homa ya ghafla ya viungo iliipitia Unguja. Alikuwepo daktari mmoja kutoka Uingereza, James Christie, na mwaka 1872 aliandika kuihusu katika jarida la madaktari wa nchi yake, akitumia jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Walimweleza kuwa ni mshtuko wa ghafla, kama mtu aliyeshikwa na pepo. Na wazee wakamwambia jambo ambalo kitabu chake chochote hakikuwa nalo, kwamba homa hiyo walishaiona, miaka ya 1823 hivi. Baadaye, mwaka 1881, Christie alidai kuwa "dengue", neno lililoenea visiwa vya Karibi wakati wa mlipuko wa 1827 na 1828, ni hilo hilo "dinga" letu lililovuka bahari.

Wapo wanaobisha. Kihispania kina neno dengue lenye maana ya maringo, na mgonjwa aliyekakamaa viungo hutembea kama mwenye maringo. Mimi nampendelea Christie, na nakiri napendelea kwa sababu ni Mswahili.

Hapo mdogo wangu akadhani kisa kimekwisha. Bado. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizisoma upya zile habari za zamani, akaona maumivu ya viungo yaliyomng'ang'ania mgonjwa muda mrefu yanafanana zaidi na chikungunya. Hilo nalo ni neno la kwetu, la Kimakonde, lilitoka uwanda wa Newala, Tanganyika, kwenye mlipuko wa 1952, likimaanisha kile kinachompinda mtu. Yaani huenda kidinga pepo ya 1870 haikuwa dengue hata kidogo, na jina likahama kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine. Chikungunya yenyewe ilikuja kutupiga Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018, kwa hivyo usiniambie hayo ni mambo ya makumbusho.

Lakini Christie hakuwa na kipimo cha virusi. Alikuwa na nini? Masikio. Kwa kipindupindu alifanya vile vile: kitabu chake cha 1876 kinafuata ugonjwa ulivyosafiri nchi kavu, ukapita Umasaini, ukatokea Pangani na kuingia Unguja mwaka 1869. Njia hiyo aliijua kwa kuwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, miaka kadhaa kabla Koch hajamtambua kijidudu wa kipindupindu kwa hadubini. Sisi mwaka 2013 hadubini tulikuwa nazo, na zilisema damu ni safi, na bado tukaandikiwa malaria.

"Kwa hivyo nikimpata mgonjwa wa homa nimuulize anaiitaje?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwambia aanze na hapo nyumbani. Aliinuka, akaenda uani kwenye pipa la maji, akafunua kifuniko na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Viluwiluwi walikuwepo, wanapanda na kushuka.