Mahali na Welekeo: Historia ya Jeni za Hamira na Fundisho Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi aghalabu hufanywa kwa orodha. Neno la kigeni huandikwa upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili hutafutwa neno la Kiswahili la kulikabili. Njia hii ni ya haraka, na imetupatia maneno mengi mazuri. Lakini ina hatari moja isiyoonekana kwa urahisi: huenda neno la kigeni lenyewe limebeba dhana mbili, ambazo wataalamu walikuja kuzitenganisha baadaye bila ya kulibadili neno. Mfasiri asiyeijua historia ya dhana hizo huuhamisha utata wa lugha ngeni, akauingiza katika lugha yake mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja tu, nao ni neno polariti kama litumikavyo katika elimu ya seli. Historia yenyewe ni ya uchunguzi wa jeni za hamira, uliofanywa hasa nchini Marekani kati ya miaka ya 1970 na 1990.

Hamira na chipukizi lake

Kiswahili kina maneno mawili yaliyo karibu: hamira, lenye asili ya Kiarabu, na chachu, litokanalo na kitenzi chetu cha kuchacha. Kwa kawaida hamira ni ile inunuliwayo dukani kwa kuumulia unga wa maandazi na mikate. Chachu ni chochote kinachochachusha, hata donge la unga uliokandwa jana. Hapa tutatumia neno hamira kwa maana ya kiumbe chenyewe, ambacho wanasayansi hukiita Saccharomyces cerevisiae.

Kiumbe hiki ni seli moja tu, yenye umbo linalokaribia la yai, na upana wa kiasi cha sehemu tano za elfu za milimita. Kuzaliana kwake si kwa kujikata katikati. Upande mmoja wa seli hutokeza kinundu kidogo, nacho huvimba polepole, hupokea sehemu yake ya kiini, kisha hujitenga na kuwa seli kamili. Kinundu hicho huitwa chipukizi, na tendo lenyewe kuchipua. Maneno yote mawili tumeyaazima kwa mimea, na yanafaa. Seli ya kwanza ni mama, ya pili ni binti. Mahali walipoachana hubaki kovu la kitini, dutu ile ile iliyomo katika magamba ya wadudu, na kwa makovu hayo mchunguzi mwenye hadubini anaweza kuhesabu uzazi wa mama mmoja.

Maswali mawili hujitokeza hapa. La kwanza: seli isiyo na mbele wala nyuma inawezaje kupata upande mmoja ulio tofauti na pande nyingine? La pili: kwa nini upande huo uwe huu na si ule? Kwa muda mrefu maswali haya yalionekana kuwa swali moja.

Uchunguzi wa Seattle

Mwaka 1970 Leland Hartwell wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pamoja na Joseph Culotti na Brian Reid, walitangaza njia ya kuzipata jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli. Walitafuta hamira zenye hitilafu ya jeni ambazo huishi vizuri katika joto la sentigredi 23, lakini hushindwa kugawanyika katika sentigredi 36. Kisha walizipiga picha kabla ya kuongeza joto na saa chache baadaye. Chipukizi lilikuwa ndilo saa yao: kwa kutazama ukubwa wake waliweza kusema seli imefikia hatua gani ya safari yake. Endapo seli zote za aina moja zilikwama zikiwa na umbo moja, ilikuwa dhahiri kwamba jeni iliyoharibika ina kazi katika hatua maalumu.

Kufikia mwaka 1973 Hartwell na wenzake walikuwa wamechambua aina 148 za hamira hizo na kuzigawa katika jeni 32. Jeni hizi zilipewa alama CDC, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mzunguko wa mgawanyiko wa seli, pamoja na namba. Kwa kazi hii Hartwell alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt.

Kati ya jeni hizo, moja ilikuwa na tabia ya peke yake, nayo ni CDC24. Ilipoharibika, seli haikukwama kama nyingine. Kiini chake kiliendelea kugawanyika na mwili wake uliendelea kukua, ila chipukizi halikutokea kamwe. Seli ilizidi kuvimba kama mpira, ikiwa na viini zaidi ya kimoja ndani yake. Mwaka 1978 Barbara Sloat na John Pringle wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha jambo jingine: kitini, ambayo katika seli nzima huwekwa kama pete mahali pa chipukizi, katika seli hizi ilikuwa imetapakaa ukutani kote. Vifaa vya ujenzi vilikuwepo. Kilichokosekana ni upande wa kuvipeleka.

Mwaka 1990 Alison Adams, Douglas Johnson, Pringle na wenzao walieleza jeni nyingine yenye hitilafu ya namna hiyo hiyo, CDC42. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba protini ya jeni hii ni kama swichi, na kwamba protini ya CDC24 ndiyo inayoiwasha. Ikiwashwa mahali fulani chini ya utando wa seli, nyuzi za aktini hujipanga kuelekea hapo, na shehena za ujenzi husafirishwa juu ya nyuzi hizo. Mwaka huo huo wa 1990 ilibainika kwamba binadamu naye anayo protini hii, inayofanana na ya hamira kwa kiasi cha asilimia 80, na kwamba jeni ya binadamu ikitiwa ndani ya hamira yenye hitilafu huweza kuifanya ichipue tena. Hivyo basi, jambo tunalolitafutia jina si la hamira peke yake. Ni la seli za mwili wa msomaji pia.

Suala la mahali

Swali la pili lilikuwa na historia yake. Mwaka 1960 David Freifelder alieleza kwamba chipukizi halitokei popote tu. Hamira yenye seti moja ya kromosomu huchipua kando ya mahali ilipojitenga mara ya mwisho, na makovu yake hufuatana. Ile yenye seti mbili huchipua kwenye ncha zake mbili za yai.

Mwaka 1991 John Chant na Ira Herskowitz, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walitafuta hamira zilizosahau utaratibu huo, wakazieleza jeni nne: BUD1 hadi BUD4. BUD3 au BUD4 ikiharibika, hamira yenye seti moja huacha kuchipua kando kwa kando na kufuata mtindo wa ncha mbili. BUD1 au BUD2 ikiharibika, chipukizi hutokea popote. Lakini, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya, chipukizi hutokea! Seli inakua, inachipua na kuzaa binti mzima, ila bila ya mpango wa mahali.

Kwa hiyo dhana mbili zilitenganishwa, wala si kwa mabishano ya maneno bali kwa majaribio. Kuchagua kiwanja si kujenga nyumba. Jeni za BUD huchagua kiwanja. CDC24 na CDC42 ndizo fundi. Fundi asiyeonyeshwa kiwanja atajenga popote. Lakini asipokuwepo fundi, hata kiwanja kilichopimwa hubaki kitupu, na mawe yametawanyika kila upande.

Majina ya jeni

Kabla ya kupendekeza istilahi, yafaa mfasiri azingatie namna majina haya yalivyozaliwa. Alama ya CDC haidai kujua kitu: husema tu kwamba jeni inahusika na mgawanyiko, na namba haionyeshi cheo wala kazi. Alama ya BUD hutaja tendo. Njia zote mbili zilileta matatizo. Jeni iliyoitwa BUD1 mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kuelezwa mwaka 1989 na Alan Bender na Pringle kwa jina la RSR1, jina lililofuata ukoo wa protini yake. Jeni ni moja, majina mawili: moja la nasaba, moja la kazi. Leo RSR1 ndilo jina sanifu, na BUD1 limehifadhiwa kama jina la pili. Kamusi nzuri nayo hufanya hivyo: huteua kidahizo kimoja, na jina la pili hulielekeza huko badala ya kulifuta.

Jambo jingine ni la maandishi. Katika taaluma ya hamira, CDC42 ni jeni nzima. cdc42 ni jeni yenye hitilafu. Cdc42 ni protini. Mpiga chapa anayebadili herufi kubwa kuwa ndogo kwa kuupendezesha ukurasa ameiharibu jeni kwa kalamu. Alama hizi, kama zile za elementi katika kemia, zisitafsiriwe wala zisisahihishwe.

Istilahi zinazopendekezwa

Tukirudi kwenye neno polariti, mtu akilitafsiri kwa orodha tu atalifikia neno ncha, kwa kuwa tunasema ncha za dunia na ncha za sumaku. Atasema basi kwamba CDC42 huipa seli ncha. Mwanafunzi atakayesoma hivyo ataelewa kwamba seli hupata ncha mbili kama sumaku, na atachanganya kazi ya CDC42 na mtindo wa kuchipua kwenye ncha mbili, ambao ni kazi ya jeni nyingine kabisa. Kosa hilo mwanafunzi hatakuwa amelizua. Atakuwa amelirithi kwa mfasiri.

Kiswahili kina uwezo wa kusema wazi kuliko hivyo. Mapendekezo ni haya:

1. Ncha litumike kwa mahali tu: sehemu ya mwisho ya seli yenye umbo refu. Kuchipua kwenye ncha mbili kutabaki kuwa na maana yake halisi.

2. Welekeo, kutokana na kuelekea, litumike kwa hali ya seli kuwa na upande mmoja ulioteuliwa kwa kazi, tofauti na pande zake nyingine. Tutasema basi kwamba CDC42 huipa seli welekeo, na kwamba seli ya cdc42 imepoteza welekeo.

3. Uteuzi wa mahali pa kuchipua litumike kwa kazi ya jeni za BUD, bila ya kulichanganya na welekeo.

Neno welekeo lina faida ya ziada. Seli ya neva inayotoa mkia mrefu upande mmoja, na seli ya utumbo ambayo uso wake mmoja unakabili chakula na mwingine unakabili damu, zote zina welekeo. Na protini ya Cdc42 inahusika katika hizo pia. Neno ncha lisingezienea seli hizo zote.

Hitimisho

Tulichojifunza kwa hamira ni kwamba istilahi haipaswi kuwa kivuli cha neno la kigeni, bali jina la jambo lenyewe kama lilivyothibitishwa. Wataalamu walihitaji miaka 20 na zaidi kutenganisha mahali na welekeo. Si haki kwamba mwalimu wa Kiswahili ayachanganye tena kwa siku moja, kwa sababu tu orodha aliyopewa ilikuwa na neno moja. Kila mwenye kuandaa orodha ya namna hiyo na aulize kwanza: neno hili limefanya kazi ngapi huko lilikotoka? Akishapata jibu, mara nyingi ataona kwamba lugha yake ilikuwa na maneno ya kutosha tangu awali.