Kompyuta Zisizo na Diski, na Watu Wanaozikumbusha

Wasee, leo nawapeleka Ifo. Ndiyo, Ifo ya Dadaab, kambi iliyofunguliwa 1991 Wasomali walipokuwa wanakimbia vita. Wengi wenu mnaijua kwa habari za ukame, ama serikali ikitangaza inafungwa. Mimi naijua kwa chumba kimoja cha mabati chenye kompyuta kumi na mbili ambazo hazikuwa na diski.

Zilikuwa mitumba. Vumbi la Ifo linaingia popote, na joto la mabati mnalijua. Zile diski za zamani zenye sahani inayozunguka zilikufa moja baada ya nyingine. Siku moja nikamwambia mwalimu, "Maalim, hii imekufa." Akasema, "Haijakufa. Imesahau tu. Itaazima akili." Akachomoa diski, akachomeka waya wa mtandao, akawasha. Baada ya muda ikafunguka, kila kitu kikitoka kwa seva moja iliyokuwa kona, kando ya feni.

Nilidhani ni uchawi. Nilipofika chuo (kabla niache, hiyo ni stori ya siku nyingine) nikaanza kuchimba, na historia yenyewe ni tamu.

Shida ilikuwa hivi: kompyuta ikiwaka haijui chochote. Programu ya kuongea na mtandao iko kwenye diski, na diski iko upande wa pili wa mtandao. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Miaka ya 1980 diski zilikuwa ghali, hadi kampuni kama Sun zikauza kompyuta za kazi bila diski. Juni 1984 Ross Finlayson wa Stanford akaandika jinsi ya kuwasha mashine kwa kuvuta faili kutoka seva. Septemba 1985 Bill Croft na John Gilmore wakaleta BOOTP: programu ndogo iliyochomwa kwenye mashine inapiga kelele mtandaoni, "Mimi ni nani?" Seva inajibu: anwani yako hii, faili lako liko pale. Mwisho wa miaka ya 1990 Intel ikaeneza PXE, na ndiyo maana hata mtumba wa ofisi uliotupwa unaweza kuamka hivyo. Miaka hiyo hiyo, Marekani, ikaanza LTSP, mradi wa Linux wa kuendesha darasa zima kutoka seva moja. Afrika Kusini, Shuttleworth Foundation iliutumia shuleni kwa jina tuXlabs. Maalim alipita njia hiyo hiyo.

Halafu Aprili 2004 iSCSI ikatoka kama kiwango rasmi. Hapo unaazima diski nzima kupitia mtandao, na kompyuta inaiona kama yake. Lakini shida ya ufunguo ikarudi na sura mpya. Ile programu ndogo inaipata diski ya mbali, inavuta kerneli, yaani moyo wa mfumo, halafu inaondoka. Kerneli ikiamka, haijui diski yake iko wapi! Dawa yake inaitwa iBFT: kikaratasi kinachoachwa kwenye RAM chenye anwani ya seva na jina la diski. Linux ikapata msimbo wa kukisoma mwaka 2008. Majina mawili yameandikwa kama watunzaji wake, Peter Jones na Konrad Rzeszutek Wilk. Faili lenyewe ni dogo, na watu wachache sana duniani watawahi kulifungua.

Sasa skiza hii. Kerneli za siku hizi huchanganya anwani zake za ndani kila zinapowaka, ili mdukuzi asijue kitu kiko wapi. Mwaka 2021 hatua za mwanzo za kuwaka zilipangwa upya, kwa nia safi kabisa. Matokeo yake, kikaratasi kikawa kinatafutwa kabla ya anwani kuchanganywa. Kerneli ikihifadhi mahali pake, kisha ikirudi baadaye, anwani si ile tena. Mashine inaanguka hapo hapo. Msimbo wa 2008 haukuwa umekosea. Dunia iliyouzunguka ndiyo ilihama.

Mtu anaitwa Maurizio Lombardi akatuma kiraka: hifadhi anwani halisi ya kumbukumbu, ile isiyochanganywa. Mtu wa Ifo anaelewa hii bila digrii. Ukimwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kutoka duka la sukari", duka likihama umempoteza. Mpe seksheni na bloku, atafika.

Hakuna aliyekata utepe kwa kiraka hicho. Na hapo ndipo ninapouma. Kwetu kufungua chumba cha kompyuta kuna fulana, picha na hotuba. Kukitunza hakuna hata soda. Maalim alipopata nafasi ya kuhamia ng'ambo, tulimpigia makofi. Miezi michache baadaye seva ikagoma, na hakuna kati yetu aliyejua kuifufua. Kompyuta kumi na mbili nzima, zote zikiuliza "Mimi ni nani?", na hakuna wa kujibu. Mimi nilikaa pale miaka miwili na sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Hilo ni kosa langu.

Kambi za kwanza tatu za Dadaab zilipangiwa watu 90,000. Kufikia 2011 zilikuwa zimepita 400,000. Mwaka 2016 tukaambiwa zinafungwa, 2021 tena. Zaidi ya miaka thelathini ya "muda tu". Kitu kikiitwa cha muda, hakuna anayekitengea mtunzaji, iwe bomba la maji, darasa ama seva. Lakini watu wanaishi humo maisha yote.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla ya kupokea kompyuta nyingine, uliza nani atabaki nazo, na nani anafundishwa nyuma yake. Na wewe mdogo wangu uliye Ifo, Hagadera ama Eastleigh, msimbo wa Linux uko wazi, soma. Kutoka kambini unahitaji kibali cha kusafiri. Kiraka chako kinaweza kutoka bila hicho.