Othaya na Ramani Zake: Mgongo, Mto na Ua

Ikolojia ya mahali, yaani tawi la sayansi linalochunguza jinsi mimea, wanyama, udongo na maji vinavyopangika juu ya nchi na namna mpangilio huo unavyoathiri uhai wao, ni elimu changa, lakini huko Othaya jambo inalolichunguza lilikuwa limekwisha kuchorwa ardhini na wakazi wenyewe. Mji huu wa kusini mwa Nyeri umekaa kwenye miteremko ya mashariki ya safu ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, ambako vijito vitokavyo msituni vimeikata nchi ikawa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde membamba. Katika utaratibu wa kale wa Wagikuyu, ardhi ya ukoo mdogo, yaani mbari, iliitwa gĩthaka, na mara nyingi ilianzia juu mgongoni ikateremka hadi mtoni, hata kila mbari ikapata pa kujenga, pa kulima, pa kulishia mbuzi na pa kuteka maji. Familia moja iliweza kuwa na vishamba kadhaa vilivyotawanyika, na kutawanyika huko, ambako maofisa wa kikoloni walikuona kuwa ni fujo, kulimpa mkulima udongo wa aina zaidi ya moja.

Mpango wa mwaka 1954 wa ofisa wa kilimo Roger Swynnerton ulikusudia kuviunganisha vishamba hivyo na kumpa kila mwenye ardhi kipande kimoja chenye hati. Kazi hiyo ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, watu wakiwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi na wanaume wengi wakiwa kizuizini, wasiweze kutetea mipaka yao. Wapimaji walitegemea picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na kwa kuwa kilichoonekana katika picha hizo ni ua wa mimea uliopandwa mpakani, ramani nyingi za hatimiliki ni, kwa kweli, ramani za ua. Zilionyesha nani ana nini. Hazikuhusika na ukali wa mteremko wala njia ya maji ya mvua.

Ramani ya namna nyingine ilitolewa mwaka 1983, wakati Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt walipochapisha juzuu ya Kenya ya Kati ya mwongozo wao wa kilimo, wakiigawa nchi kwa kanda za kilimo-ikolojia, yaani maeneo yanayofanana kwa joto, mvua na mazao yanayoyafaa. Chini ya msitu waliweka ukanda wa chai na maziwa, ukafuatiwa na wa chai na kahawa, kisha wa kahawa yenyewe. Mkulima wa Chinga, sehemu ya Othaya, aliyekwisha kuona kahawa ikikataa na chai ikikubali hakuhitaji kuambiwa hayo, ingawa mipaka ya kanda hizo iliukata mgongo mmoja mara kadhaa bila kujali ua wa mtu.

Mwaka 2003 ripoti ya uchunguzi wa angani uliofanywa juu ya misitu ya Aberdare ilihesabu zaidi ya matanuri 14,000 ya makaa, na mwaka 2009 uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ulikamilika kuuzunguka msitu. Msitu na shamba vikatenganishwa, lakini maji hayatambui uzio: mto Gura hutoka msituni, hupita katika eneo la Othaya, hatimaye huingia mto Sagana, ambao ndio Tana ya juu inayojaza mabwawa ya umeme kama Masinga, ikibeba na udongo wa mashamba. Ndiyo sababu Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, ulitumia vielelezo vya kompyuta vinavyokadiria udongo unaomomonyoka kulingana na mteremko na zao, ukachagua eneo la Sagana-Gura liwe miongoni mwa maeneo yake ya kazi, na mkulima akasaidiwa kuchimba matuta na kupanda nyasi kwenye kingo za mto.

Mti uliobaki na utata ni mkaratusi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza uondolewe kwenye vyanzo vya maji kwa sababu hunywa maji mengi. Hata hivyo kuni zake ndizo zinazokausha chai viwandani, na anayeung'oa bondeni hana budi kutafuta nafasi ya kuupanda juu mgongoni, ambako tayari kumejaa chai.