Alienda kutibu macho, akakuta siri ya tumbo

Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari mmoja wa macho kutoka Marekani alikuwa Indonesia akifuatilia watoto wasioona vizuri gizani kwa kukosa vitamini A. Alipozipitia upya takwimu zake akashtuka: watoto hao walikufa zaidi kuliko wenzao, na waliugua zaidi kuharisha na kifua.

Madaktari wenzake wakambishia. Kidonge cha bei ya pipi kiokoe roho? Jaribio likafanyika Aceh, na 1986 majibu yakatoka: vifo vya watoto vilipungua kwa kama theluthi moja. Wakabisha tena, mpaka Nepal na Ghana nako kukaonyesha vifo vikishuka.

Sababu ilianza kueleweka miaka ya 2000. Kumbe utumbo huigeuza vitamini A kuwa kama ramani, inayowaelekeza askari wa mwili kurudi kuulinda. Bila ramani, askari wapo ila hawafiki lindoni, na ukuta wa utumbo nao unadhoofika. Vijidudu vinapita kiulaini.

Kwa hiyo yale matone ya Juni na Desemba kliniki, dogo asiyakose. Sio ya macho tu.