Folda Ganda

Mteja anaingia steshenari ya Mchafukoge na flashi mkononi, anataka picha nne za pasipoti. Kijana wa kaunta anafungua folda iitwayo Picha. Ndani kuna Picha. Ndani yake tena, Picha. Foleni inarefuka, na mwenye flashi anaapa kuwa picha alizihifadhi mwenyewe jana usiku.

Hakuna jini hapo. Aliyemtumia alizibana picha pamoja na folda yake. Na Windows, ikifumua faili lililobanwa, hutengeneza folda mpya yenye jina la faili hilo na kumwaga vitu humo. Wiki ijayo akibana na kufumua tena, tabaka linaongezeka. Tena si usumbufu wa kubofya tu: kwa kawaida Windows huwekea anwani nzima ya faili kikomo cha herufi 260, na kila tabaka linakula fungu lake.

Hali hii tuiiteje? Folda yenyewe haina ugomvi. Wapo wanaopenda kabrasha, neno zuri la karatasi. Wapo wa jalada, lakini katikati ya jiji hapa, karibu na Mahakama ya Kisutu, jalada limekwishashikwa na kesi. Sema jalada limepotea, utaulizwa mshtakiwa ni nani. Shida ni kuitaja ile ya ziada. Wanaisimu wangenipa uradidi. Ila uradidi una kazi: kuuza kidogo si sawa na kuuza kidogokidogo. Picha ndani ya Picha haijaongeza maana yoyote. Kupakata kungefaa, maana ya nje imeipakata ya ndani, lakini mpakato tumeshaupa kompyuta.

Mimi naiita folda ganda: folda ambayo ndani yake hamna kitu ila folda moja yenye jina lilelile. Kitendo chake ni kumenya. Mtazame muuza machungwa wa Kariakoo: kisu kinazunguka, ganda linaanguka likiwa utepe mmoja, chungwa linabaki zima. Wanaosema kufagia folda wananitia hofu, kwa kuwa ufagio hauchagui. (Najua, jina Mchafukoge likisomwa taratibu linasikika kama amri ya kuoga. Lakini anayeoga hajichuni ngozi.)

Programu ya kumenya, hata ya mistari michache ya Python, huanzia folda za chini kabisa ikapanda. Ukianzia juu, njia zinabadilika ungali unazipita. Ikikuta ganda, huipa ya ndani jina la muda, maana majina mawili yaleyale hayakai pahali pamoja. Kisha huipandisha ngazi moja, hulitupa ganda na kuirudishia jina lake. Kutupa kufanywe kwa amri ya rmdir, ambayo hukataa folda isiyo tupu. Ukaidi huo ndio usalama wako. Kinachosumbua ni faili zilizofichwa, Thumbs.db na desktop.ini za Windows au .DS_Store ya Mac: wewe unaona ganda, programu inaona folda yenye vitu viwili, inapita zake. Lazima iambiwe mapema kuwa hizo hazihesabiwi, na izifute kwanza.

Kabla ya kuiwasha, nakili flashi nzima pahali pengine. Kinachofutwa na programu ya namna hii hakipiti kwenye kikapu cha taka.