Wati 12,000 sebuleni kwa mama: historia fupi ya redio za Nyeri

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nataka tuongee kuhusu redio.

Kisa chenyewe ni hiki. Malipo ya kahawa yalipoingia, mama alinipigia simu kutoka Tetu akaniambia redio ya sebuleni imekufa kabisa, na safari hii anataka kitu cha maana. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta, kwa hivyo kwa ukoo wetu mimi pia ni fundi wa televisheni, simu, kikokotoo na jiko la gesi. (Mliosomea kompyuta mnanielewa.) Tukakutana Nyeri mjini, tukaingia duka moja la vifaa vya umeme. Kijana wa duka akatuonyesha sabufa yenye spika mbili za pembeni, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: wati 12,000 PMPO.

"Mama, hii jirani atasikia bila kununua yake," akasema.

Mama akanitazama. Mimi nikaligeuza lile dude nikaangalia kibandiko cha nyuma, maana huko ndiko ukweli hufichwa. Volti 220 hadi 240. Wati 60.

Sasa jamani, mashine inayovuta wati 60 kutoka ukutani itatoa vipi wati 12,000? Soketi ya kawaida ya Kenya ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 3,120. Hata ukiibembeleza, soketi haitoi zaidi ya hapo. Nitarudi kwenye hesabu hii. Lakini njiani kurudi nyumbani ndani ya matatu nilikuwa nawaza jambo lingine: guka aliponunua redio yake ya kwanza hakuna aliyemtajia wati. Alitajiwa betri.

Turudi nyuma. Utangazaji wa redio Kenya ulianza Nairobi mwaka 1928, chini ya British East African Broadcasting Company, na wasikilizaji waliolengwa walikuwa walowezi. Redio za enzi hizo zilitumia vali, vile vichupa vya kioo vinavyofanana na balbu. Vali haifanyi kazi mpaka ipashwe moto ndani, na moto huo ndio unaomaliza umeme. Mahali pasipo na umeme redio ilihitaji betri mbili: moja ya asidi, ya volti 2, kwa kupasha vali moto, na nyingine kavu ya volti 90 au zaidi kwa kazi iliyobaki. Ya asidi unaibeba kwenda kuchajiwa, ile kavu ikiisha unatupa na kununua nyingine. Kwa mlowezi mwenye jenereta shambani huo ulikuwa usumbufu tu. Kwa mkulima wa Tetu au Mathira ilikuwa ndoto.

Tatizo hilo halikuwa la Kenya peke yake. Kule Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) ofisa wa habari wa Lusaka aitwaye Harry Franklin aliwasumbua watengenezaji wa Uingereza mpaka kampuni ya Ever Ready ikakubali kutengeneza redio ya bei nafuu. Ilitoka mwaka 1949, ikaitwa Saucepan Special kwa sababu umbo lake lilikuwa la sufuria. Bei paundi 5, betri yake paundi 1 na shilingi 5, na betri hiyo ilidumu kama saa 300. Angalia walichokuwa wanauza hapo. Hawakusema itasikika kwa jirani. Walisema saa 300.

Kwetu redio iliwafikia Waafrika kwa njia chungu zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1953 serikali ya kikoloni ikaanzisha huduma ya matangazo kwa Waafrika, kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kijaluo na lugha nyingine. Baadaye vikaja vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita kule Mombasa, kituo cha Ziwa mjini Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya papa hapa Nyeri. Ndiyo, Nyeri ilikuwa na kituo chake cha redio katika miaka ya 1950! Mimi nilikulia kilomita chache kutoka mjini na sikuwahi kufundishwa hilo shuleni. Lakini msifurahi haraka. Huo ndio wakati ambapo watu wa Nyeri walikuwa wamehamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na Dedan Kimathi alikuwa msituni Nyandarua mpaka alipokamatwa Oktoba 1956. Redio iliongea Kikuyu, lakini maneno yalikuwa ya serikali. Guka, mpaka uzee wake, alikuwa akisikiliza taarifa ya habari huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza shahidi mahakamani.

Kilichobadilisha mambo ni transista. Iligunduliwa katika maabara za Bell Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Wajapani wakafuata haraka. Transista haihitaji kupashwa moto. Ghafla redio ikawa inaenda wiki nyingi kwa betri za tochi, na betri za tochi zinauzwa kila kioski.

Guka alinunua yake mwaka 1977. Mwaka huo si wa kubahatisha. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda vibaya sana mwaka 1976 na 1977, na wakulima wa mlima wakaona pesa ambazo hawakuwahi kuziona. Wengine walijenga nyumba za mawe. Guka aliezeka mabati mapya, akanunua redio ya Kijapani yenye mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, akaiweka kwenye kabati la vikombe, na cucu akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Waya mrefu ulitoka dirishani mpaka kwenye mti kwa ajili ya mawimbi mafupi, ili apate idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwepo tangu 1957. Betri zikichoka zilianikwa juu ya mabati zipate jua, zikapewa siku mbili zaidi. (Kikemia jua halichaji betri kavu. Joto huamsha tu kilichobaki ndani. Lakini nani angembishia cucu?)

Halafu kanda. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na redio kaseti zilipoenea, mwenye sebule akapata kitu ambacho redio tupu haikuwa nacho: kuchagua. Msidharau jambo hilo. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa Machi 1975, Joseph Kamaru akatoa wimbo kumhusu, na wimbo ukapigwa marufuku redioni. Aliyekuwa na redio peke yake alisikia alichopewa. Aliyekuwa na gramafoni au kaseti alifunga mlango, akapunguza sauti, akasikiliza Kamaru. Sauti ndogo, tafadhali, si kubwa.

Miaka ya 1990 naipita upesi: betri ya gari chini ya meza, televisheni nyeusi na nyeupe juu yake, na mtoto (mjomba wangu) wa kusukuma betri kwa wilbaro kwenda kuchajiwa sokoni. Mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu, Inooro ikafuata 2003, na redio ya guka ikazeeka kwa siku moja kwa sababu haikuwa na FM. Mawimbi ya FM pia husafiri karibu moja kwa moja, na sisi tuko mabondeni kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Nyumba ya juu ya kilima inapata, nyumba ya chini mtoni inapata mikwaruzo.

Kisha umeme. Mamlaka ya kusambaza umeme vijijini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na kuanzia 2015 mradi wa Last Mile ukafikisha nyaya kwa majirani zetu wengi. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kipimo kiligeuka. Umeme ulipokuwa haba, muuzaji alijisifu kwa jinsi redio inavyokula kidogo. Umeme ulipofika ukutani, hakuna tena aliyeuliza, na muuzaji akahitaji namba nyingine ya kujisifia. Wati!

Wamarekani walipita huko mapema. Kampuni zilidanganyana kwa wati mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara ikaweka kanuni: amplifaya ya nyumbani ipimwe nguvu inayoweza kuitoa mfululizo. PMPO haina kanuni yoyote. Ni kilele cha kufikirika cha muda mfupi mno, na kila kiwanda kinajipimia.

Sasa hesabu niliyoahidi. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, badiliko dogo ambalo sikio linalitambua bila kushtuka. Spika ya kawaida hutoa karibu desibeli 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukikaa mita tatu, kwenye kochi la mama, zinabaki kama 78, na hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu apaaze sauti akiongea. Kwa wati moja! Mama anahitaji wati tano, labda kumi mvua ikipiga mabati.

Tuliiacha ile ya 12,000. Tukachukua ndogo isiyo na sabufa, wati 20 kila upande, na hizo zimeandikwa RMS. Ina FM na Bluetooth. Kijana wa duka alituonea huruma.

Nyumbani niliiweka kwenye kabati lile lile. Sakafu ni ya saruji, lakini makochi na mazulia yanameza mwangwi, sauti ikatoka safi. Mama akaleta kitambaa akafunika spika zote mbili. Nikamweleza kwamba uzi mzito unazuia sauti nyembamba. Akasema vumbi nalo linazuia. Inooro ilikuwa inakwaruza, kwa hivyo nilikata waya wa sentimita 75, ambayo ni robo ya wimbi la FM, nikaupitisha kwenye tundu la dirisha. Tundu lilikuwepo tayari. Guka alilitoboa 1977.