Ukoo wa Mama na Kipimo cha Vinasaba: Hoja kutoka Kilosa

Asiye na hati ana mate. Ateme kwenye kichupa, atume maabara, ataletewa mababu zake: ndivyo wanavyonadi wauza vipimo vya vinasaba. Wilayani Kilosa, Tanzania, hoja hiyo inashawishi kuliko kwingi. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda huhesabu ukoo kwa mama, ilhali kitambulisho cha taifa hubeba jina la mtu, la baba na la babu. Masjala humfuata mwanamume, ukoo humfuata mwanamke. Na kwa kuwa vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, mtu angedhani kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya milima ya Usagara.

Kuhusu ukoo wa mama wenyewe hakuna ubishi, mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alichapisha ushahidi wake mwaka 1967. Ubishi unaanzia kwenye kile kinachothibitishwa na kipimo. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023, kuhusu mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa, ulionesha akina mama wa Kiafrika na akina baba wengi wa asili ya Uajemi. Ni kazi nzito, ila inazungumzia umma. Anayeinukuu kutafuta bibi yake mzaa bibi anaibebesha mzigo usio wake.

Kikwazo kikubwa ni misafara. Karne ya 19 njia ya Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Tabora ilikatiza Usagara, ikipitisha pembe na mateka. Mwanamke mateka hakuwa na wajomba wa kumdai. Katika jamii nyingi za ukoo wa mama, watoto wa mwanamke wa namna hiyo waliingizwa katika ukoo wa aliyemmiliki, nao ukoo ukaongezeka watu. Chukua kitukuu wake wa leo: anahudhuria tambiko, analima shamba la ukoo, anaitwa shangazi na wanaostahili kumwita hivyo. Mitokondria yake huenda inafanana na ya watu wa Ziwa Nyasa. Ukoo haukudanganya, wala maabara haikukosea. Hata watu wawili wakifanana mitokondria, mama yao wa pamoja aweza kuwa aliishi miaka elfu kadhaa iliyopita.

Wengine wana matumaini zaidi, hasa wajukuu wa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Kigoma, Urundi na Msumbiji kukata mkonge Kimamba, wakihesabiwa siku 30 za kipande, yaani kadi ya kazi. Babu wa miaka ya 1940 hayuko mbali kivinasaba. Ila kipimo huhitaji ndugu aliyekwisha kupimwa. Huko Nanyuki, Kenya, watoto wa askari wa Uingereza wamewapata baba zao kwa sababu jamaa za baba hao wamejaa kwenye kanzidata za kibiashara. Jamaa wa mkata mkonge hawamo, na jibu analopewa mjukuu ni eneo pana la ramani.

Watetezi watasema data itaongezeka. Pengine. Lakini kwa ukoo wa Kilosa wingi wa sampuli hautabadilisha swali: mitokondria inaweza kukanusha uzao, haiwezi kukanusha uanachama. Tangu Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, upimaji nchini una utaratibu wake. Mabaraza ya ardhi nayo yaweke wake: shamba la ukoo lisigawanywe kwa cheti cha maabara, na mpimaji aje baada ya wazee kusikilizwa.